Mwalimu Wako Alifunzwa na Nani

Faith Ogallo, mcheza taekwondo wa Kenya, alipoingia ulingoni katika ukumbi wa Makuhari Messe, karibu na Tokyo, tarehe 27 Julai 2021, hakuna aliyemuuliza mwalimu wake alifunzwa na nani. Alipimwa uzito, kwa kuwa alishindana katika daraja la zaidi ya kilo 67, vifaa vyake vikakaguliwa, basi. Mengine mengi yaliachiwa mitambo iliyofichwa ndani ya fulana ya kinga na kofia: teke la kifuani pointi mbili, la kichwani tatu, na likipigwa kwa kuzunguka waamuzi waliongeza mbili juu yake. Mtambo haujui ukoo. Ogallo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, aliyejikatia tiketi ya Olimpiki kwenye mchujo wa Afrika mjini Rabat mnamo Februari 2020, kisha akasubiri mwaka mzima kwa sababu ya korona. Hakurudi na medali, lakini haki yake ya kusimama pale haikuwa na mjadala. Aliipata kwa miguu yake.

Wengi wanaovaa doboki, sare nyeupe ya taekwondo, kati ya Kitale na Bungoma hawatafika huko. Ukiteremka na barabara kutoka Kitale, ukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye, kisha ukakunja kuelekea Bungoma, unapita katika nchi ya mahindi na miwa ambako kijana anayejifunza taekwondo hujifunzia katika ukumbi wa kanisa, darasa lililosukumwa madawati pembeni, au nyasi za uwanja wa shule. Kipimo chake ni mkanda. Na mkanda haupimwi na mtambo, hutolewa na mtu. Ndipo swali la ukoo linapoingia: huyo aliyekufunga mkanda, yeye alifungwa na nani, na huyo wa nyuma yake je?

Wakorea wenyewe ni watu wa nasaba. Familia nyingi zina kitabu cha ukoo kiitwacho jokbo, chenye majina ya wanaume wa mlango mmoja kizazi baada ya kizazi. Lakini historia yao inakiri pia kwamba katika karne za mwisho za utawala wa Joseon, mtu aliyepata fedha bila kuwa na jina aliweza kununua nafasi katika kitabu cha ukoo wa watu wakubwa na kuanzia hapo akawa mjukuu wa waziri. Anayeijua habari hiyo hashangai sana akisikia yaliyotokea katika sanaa zao za mapigano.

Hadithi anayopewa mwanafunzi siku ya kwanza ni tamu. Taekwondo, anaambiwa, ina miaka elfu mbili. Kuna michoro katika makaburi ya ufalme wa Goguryeo ikionyesha wanaume wakikabiliana. Kulikuwa na vijana wa Hwarang katika ufalme wa Silla, mashujaa wenye maadili, na ipo miondoko inayobeba jina lao hadi leo. Mtoto wa Kitale huyakariri haya kabla ya mtihani wa mkanda kama anavyokariri majina ya mito ya Kenya, na akiulizwa hujibu vizuri.

Sasa tazama walimu wenyewe. Won Kuk Lee, aliyefungua nyumba ya mafunzo ya Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944, alikuwa amesoma Tokyo na kufunzwa karate na Funakoshi Gichin, yule Mwokinawa aliyeipeleka karate Japani bara. Ro Byung Jick wa Song Moo Kwan alipita kwa Funakoshi huyohuyo. Yoon Byung-in alijifunza kwa Toyama Kanken, mwalimu mwingine wa karate, akiwa tayari ameonja mapigano ya Kichina huko Manchuria. Hwang Kee, mwanzilishi wa Moo Duk Kwan mwaka 1945, alikuwa mtumishi wa reli. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona mapigano ya Kichina Manchuria na kusoma vitabu kuhusu karate ya Okinawa. Nyumba yake ilisambaa kwa kufuata vituo vya reli, jambo ambalo mtu wa Bungoma, mji uliokuzwa na njia ya garimoshi iendayo Malaba, ataelewa bila kufafanuliwa. Korea ilikuwa chini ya Wajapani kuanzia 1910 hadi 1945. Kijana Mkorea wa miaka hiyo aliyetaka kujifunza kupigana kwa mpango alijifunza kilichokuwepo, na kilichokuwepo zaidi kilikuwa cha mtawala.

Uhuru ulipokuja, hakuna aliyetaka kumtaja mwalimu Mjapani. Hilo ni jambo la kibinadamu na sioni sababu ya kulicheka. Nchi iliyokatazwa hata majina yake ya kuzaliwa ilikuwa na haki ya kujitafutia babu. Jenerali Choi Hong Hi, ambaye naye alijifunza karate akiwa mwanafunzi Japani, alieleza baadaye kwamba utotoni mwalimu wake wa kuandika kwa brashi, Han Il-dong, alimfunza taekkyon, mchezo wa mateke wa Wakorea wa kale. Huenda ndivyo, huenda sivyo. Lililo wazi ni kwamba tarehe 11 Aprili 1955 jopo aliloliitisha Choi lilikubali jina jipya, taekwondo. Jina lina umri wa mzee aliyestaafu juzi.

Baada ya jina zikaja hati. Mwaka 1966 Choi alianzisha shirikisho la kimataifa, ITF, mjini Seoul. Mwaka 1972, akiwa amekosana na serikali ya Park Chung-hee, alihamia Kanada na kuondoka na shirikisho lake. Mwaka huohuo Seoul ilifungua Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, na mwaka uliofuata, 1973, likazaliwa shirikisho jingine la dunia chini ya Kim Un-yong. Hili la pili ndilo lililofika Olimpiki, kwanza kwa maonyesho Seoul mwaka 1988, kisha kwa medali kamili Sydney mwaka 2000. Hilo ndilo lililompokea Ogallo. Choi alipeleka taekwondo yake Korea Kaskazini mwaka 1980, akafia Pyongyang mwezi Juni 2002, na kabla matanga hayajaanuliwa vizuri shirikisho lake lilikuwa limegawanyika: upande mmoja Chang Ung wa Pyongyang, upande mwingine mwanawe Choi Jung Hwa, upande wa tatu Tran Trieu Quan wa Kanada. Wote watatu walijiita ITF na wote walidai kuwa ndio halali. Kila mmoja alikuwa na hoja: mmoja alidai wosia, mwingine damu, mwingine taratibu za mkutano.

Hwang Kee naye alikataa kuingizwa katika chama kimoja cha taifa na akapigania jina la nyumba yake hadi mahakamani. Wafuasi wake wapo hadi leo kwa majina ya Tang Soo Do na Soo Bahk Do.

Ugomvi huu wa Seoul, Toronto na Pyongyang unaonekana kwa macho katika uwanja wa shule ya msingi. Mtoto aliyeanza katika klabu inayofuata Kukkiwon hujifunza kwanza Taegeuk Il Jang, miondoko 18. Wa klabu ya ITF huanza na Chon-Ji, miondoko 19. Mmoja husimama wima kama anatembea, mwingine hupanda na kushuka kwa magoti kama wimbi kabla ya kila pigo. Wakikutana katika pambano, mmoja amezoea kwamba ngumi ya usoni ni kosa, mwenzake amezoea kuipiga. Hapo walimu wao huanza kuambiana kwamba ile si taekwondo. Nikisikia mabishano hayo huwa nashindwa kujizuia kutabasamu. Wote wawili ni wana wa ugomvi mmoja, na hakuna kati yao mwenye hati ya miaka elfu mbili.

Kama ukoo wa taekwondo una mapengo, ule wa hapkido, sanaa nyingine ya Kikorea, una shimo. Choi Yong-sool, ambaye sanaa hiyo inaanzia kwake, alirudi Korea kutoka Japani mwaka 1946 na kukaa Daegu. Mwaka 1948 alikuwa akichukua mabaki ya nafaka kwenye kiwanda cha pombe kwa ajili ya nguruwe wake. Ukazuka ugomvi kuhusu zamu, akawaangusha waliomvamia mmoja baada ya mwingine. Suh Bok-sub, mwana wa mwenye kiwanda na mtu wa judo, aliona yote kutoka ofisini. Alimwita mchunga nguruwe huyo na kumwomba amfundishe, akimlipa kwa fedha na kwa nafaka. Suh ndiye mwanafunzi wa kwanza wa hapkido duniani.

Choi alisema alilelewa na kufunzwa na Takeda Sokaku, mkuu wa sanaa ya Kijapani ya Daito-ryu. Tatizo ni kwamba Takeda alikuwa mtu wa daftari. Kila aliyefunzwa alitia jina na muhuri, na katika madaftari hayo jina la Choi halijaonekana. Wafuasi wake hujibu kwamba mtumishi wa nyumbani, tena Mkorea, asingeandikwa. Wapinzani wake husema hakufika kwa Takeda. Lakini hakuna upande unaobisha kwamba wale watu pale kiwandani walianguka, wala kwamba alichofundisha Daegu kinafanana mno na cha Takeda kuwa bahati tu. Hapkido ilienea duniani bila pengo hilo kuzibwa.

Naacha Korea kidogo, maana wasomaji wa Bungoma wanayo mizani yao ya mambo haya, tena ya zamani kuliko Kukkiwon. Kila Agosti ya mwaka shufwa, yaani 2022, 2024 na kuendelea, vijana wa Kibukusu huingia jandoni. Anayewatahiri, omukhebi, hasomei chuoni. Kazi hiyo hukaa katika koo fulani, na huaminika kwamba mizimu ya ukoo ndiyo humwita mtu aishike. Lakini kuitwa hakumtoshi. Huanza kwa kufuatana na mkubwa wake, kushika hiki na kile, kutazama misimu kadhaa kabla ya kuaminiwa na kisu. Na wazazi wanamjua. Wanajua baba yake alikuwa nani, mkono wake ukoje, na zaidi ya yote wanajua mlango wa kubisha kama mambo yataharibika, kwa kuwa nyuma yake kuna wazee wa ukoo ambao aibu yake ni aibu yao.

Hapo ndipo naona faida ya ukoo, na ni faida tofauti na ile inayotangazwa kwenye mabango. Mwalimu wa taekwondo anayejivunia kwamba mstari wake unafika hadi kwa jenerali fulani ananiambia jambo dogo. Mstari huo hauonyeshi kama anajua kumfundisha mtoto wa miaka tisa kugeuza nyonga bila kuumiza goti. Anayenishawishi ni yule ambaye juu yake kuna mtu aliye hai, anayemjua, anayeweza kumpigia simu na kumwambia: ulichofanya wiki jana si sawa, rekebisha. Babu wa miaka elfu mbili hawezi kupiga simu.

Serikali ya Kenya nayo ina swali lake, na ni la namna nyingine. Zamani klabu ya michezo ilijiandikisha kama chama chochote cha kawaida, sawa na chama cha mazishi. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo na kuweka ngazi tatu: klabu, chama cha kaunti na shirika la taifa. Ikaunda pia Baraza la kusuluhisha migogoro ya michezo, kwa sababu kila mtu alijua migogoro ipo na haitaisha. Kwa hiyo klabu ya Kitale inatakiwa iwe na cheti cha msajili, na ngazi ya kaunti ni ya Trans Nzoia au Bungoma kulingana na ilipo. Cheti hicho kinasema kuna viongozi, kuna katiba, kuna anwani. Hakisemi neno juu ya teke.

Na uhalali wa serikali na uhalali wa shirikisho la dunia si mara zote hulala kitanda kimoja. Wakenya waliliona hilo katika mpira. Novemba 2021 wizara ilivunja uongozi wa shirikisho la kandanda, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima. Kila upande ulikuwa na karatasi zake, na wachezaji ndio waliokaa nyumbani.

Katika sanaa za Kikorea karatasi ni nyingi zaidi, na mzazi huonyeshwa zote kwa pamoja zikiwa zimetiwa fremu. Tuzitenganishe. Cheti cha dani, yaani daraja la mkanda mweusi, cha Kukkiwon kina namba, jina, tarehe ya kuzaliwa na daraja, na namba hiyo huweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya Kukkiwon kwa simu ukiwa umekaa palepale kwenye benchi la ukumbi. Asiyefikisha miaka 15 hapewi dani, hupewa pum, kwa hiyo mtoto wa miaka minane anayetangazwa kuwa na dani ya kwanza ya Kukkiwon ni habari ya kuuliza mara mbili. Kati ya dani ya kwanza na ya pili kuna angalau mwaka mmoja, ya pili na ya tatu miaka miwili, ya tatu na ya nne mitatu. Mtu aliyeanza juzi na leo ni dani ya tano, hesabu yenyewe inamsuta.

Halafu kuna hati ambayo huwa haipo kwenye fremu. Kukkiwon hutenganisha daraja na ualimu. Dani huonyesha umefika wapi wewe mwenyewe. Ruhusa ya kuitwa mwalimu wa kimataifa ni kozi nyingine, yenye mtihani wake, na mlango wake hufunguka kuanzia dani ya nne. Kumpendekeza mwanafunzi apewe dani ya kwanza pia huanzia kwa mwenye dani ya nne. ITF nayo huanza kumwita mtu sabum, mwalimu, akiwa dani ya nne. Hapo mahasimu wawili walikubaliana, na nadhani walikuwa sahihi: miaka ile sita na zaidi kati ya mkanda mweusi wa kwanza na haki ya kufundisha kwa jina lako ndiyo miaka ambayo mtu anagundua kwamba kupiga teke na kumfunza mwingine teke ni kazi mbili.

Magharibi mwa Kenya sharti hilo hugonga mwamba. Walimu wengi wanaobeba klabu mabegani ni vijana wa dani ya kwanza au ya pili, wengine mkanda mwekundu, na kama wasingefundisha wao, pasingekuwa na klabu. Ada ya mwezi huja kwa M-Pesa, nusu ya wazazi huchelewa, na anayedaiwa hafukuzwi kwa kuwa ndiye mwenye teke zuri kuliko wote. Cheti cha kutoka Seoul kinagharimu fedha ambayo kwa familia ya mtaa wa Kipsongo, Kitale, ni karo. Ndiyo maana kumezuka mikanda ya klabu: mwalimu hutahini, hutia saini, hugonga muhuri wa klabu, na mwanafunzi hujiita mkanda mweusi ingawa jina lake halijafika Seoul wala kwingineko. Mimi sioni ubaya wa mkanda huo ukitajwa kwa jina lake. Chung Do Kwan ya 1944 ilitoa mikanda namna hiyohiyo, mwalimu na muhuri wake. Ubaya huanza pale mzazi anapolipia karatasi ya Seoul na kupewa ya dukani, au kijana anapofika Nairobi kwenye mashindano akiwa na daraja ambalo mezani hakuna anayelitambua, akavuliwa mkanda mbele ya wenzake.

Nitazame darasa kwa dakika kumi na nitakuambia zaidi ya fremu zote. Watoto wanahesabu, hana, dul, set, net, kwa lafudhi ya Kibukusu na ya Kisabaoti, na hilo halina neno. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto anapokosea mara ya tatu. Yuko anayepiga kelele zaidi. Yuko anayeonyesha teke lake mwenyewe, juu, zuri, akapigiwa makofi, na mtoto akabaki palepale. Na yuko anayechuchumaa, akashika kisigino cha ule mguu uliosimama chini, akakigeuza taratibu mpaka kielekee alipo mpinzani, kisha akasema piga tena. Kosa la teke la kuzunguka mara nyingi liko kwenye mguu usiopiga. Mwalimu anayelijua hilo alifunzwa na mtu, hata kama jina la mtu huyo halipo ukutani.

Tazama pia anapotajwa mwalimu mwingine. Asiyekuwa na mtu juu yake huwa mkali sana kwa majirani.

Chukua basi kijana wa dani ya pili anayefundisha Kimilili, na mwanafunzi wake wa miaka 19 amemaliza mkanda mwekundu na anataka mweusi. Njia ya kwanza ni kumtahini mwenyewe, ada ibaki klabuni, picha zipigwe, na kijiji kijue kuna mkanda mweusi mpya. Njia ya pili ni kumwambia wazi kwamba mamlaka yake yanaishia hapa, kumtafuta mwenye dani ya nne Eldoret, Kisumu au Nairobi, kumsindikiza usiku kwa basi, na kukaa ukutani huku mtu mwingine akimsahihisha mwanafunzi wake, na pengine kumsahihisha yeye. Katika njia hiyo ya pili anapoteza ada ya mtihani na fahari kidogo. Huenda mwanafunzi akampenda zaidi yule wa Nairobi na asirudi Kimilili.

Wapo wanaopanda basi hilo. Ukimwuliza mmoja wao alifunzwa na nani, atakupa jina na namba ya simu.